Jumapili za Fundi wa Pampu

Kila Jumapili asubuhi, kabla hajanawa uso, Fundi wa Pampu alikuwa ameshaiosha pikipiki yake. Alianza na magurudumu, akaja kwenye cheni, akamalizia na tangi, ambalo alilipangusa kwa kitambaa laini ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Ndipo alipojikumbuka yeye mwenyewe: viganja viwili vya maji usoni, basi. Sisi wanawake wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, tulimcheka waziwazi. Tulimwambia angekuwa na mke, mke huyo angelala nje na pikipiki ikalala ndani.

"Mke ana miguu," alitujibu. "Akinyeshewa atakimbia."

Laini yetu ilikuwa upande wa chini wa Thika, karibu na kiwanda alikofanya kazi mume wangu. Vyumba vilitazamana, mabati kwa mabati, na bomba moja la maji katikati ambalo ndilo lililokuwa baraza letu, mahakama yetu na gazeti letu. Wengi tulikuwa watu wa Nyanza. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa viwandani na kwenye mashamba ya kahawa, sisi tukaletwa kushika nafasi zao. Nalisema hili wazi kwa sababu watu hupenda kulisahau. Katika chumba nilichopewa nilikuta msumari wa kutundikia nguo ambao mtu mwingine aliupigilia, na kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuuona kuwa wangu.

Kazi yake Fundi ilikuwa kuzungukia pampu za maji za mashamba ya kahawa, kutoka Thika mpaka Ruiru. Kahawa ikishachumwa humenywa kwa maji, maji mengi, na maji hayo yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu. Pampu ikifa leo, kesho kahawa inaoza na mzungu wa shamba anapiga simu kwa hasira. Fundi aliajiriwa na Mhindi mmoja mwenye gereji, na kutoka Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa njiani, amevaa kabuti lake la jeshi, spana zikilia ndani ya mfuko wa turubai.

Alikuwa na namna yake ya kuitibu pampu. Hakuifungua kwanza. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya chuma, mpini akautia sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Wenye haraka walimkemea. Yeye alisema, "Chuma hakijui kudanganya. Mtu ndiye unamuuliza, anakwambia mzima, kumbe ndani imekatika." Mume wangu, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na usingizi mwingi, alisema Fundi angekuwa mhubiri mzuri kama asingekuwa ananuka grisi.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi, tena mkaidi wa kuudhi. Jino lilimtesa miezi mitatu na hakukubali ling'olewe, eti jino ni kama valvu, litakaa lenyewe. Alikuja kula kwetu bila kualikwa na akalalamika kwamba samaki amezidi chumvi, kisha akasafisha sahani mpaka miiba. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa kupita wote na nje ya tuni, na mwalimu wa kwaya alipomwomba aimbe pole pole alisema Mungu hajamlalamikia. Mtu huyohuyo alikuwa haoni aibu kulia. Nilimwona akilia siku mbwa wa gereji alipokanyagwa na lori, akilia na huku akifunga nati.

Tena hakuandika barua. Hilo lilitushangaza sote, kwa sababu sisi wengine tuliishi kwa barua. Jumamosi jioni laini nzima iligeuka ofisi: anayejua kuandika anaandika, asiyejua anaamrisha. Yeye aliandika vizuri, hati imenyooka, na aliwaandikia wengine bila kununa. Yake hata moja. Na vitani kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya barua! Alikuwa mpeleka barua wa jeshi kule Burma, wa pikipiki, anapita matopeni na msituni na mfuko umefungwa kifuani. Nilimtania, "Fundi, umebeba barua za watu wote duniani ukasahau kubeba yako." Akacheka, akaomba ugali zaidi.

Kulikuwa na usemi wake mmoja ambao tuliuzoea mpaka hatukuusikia tena. Ukimwambia aendeshe taratibu, ukimwambia avae kitu kichwani, alijibu, "Mimi nimeshazikwa, bwana. Mara ya pili hawatapata jembe." Tulicheka. Tulidhani ni mzaha wa wanajeshi, maana waliorudi kutoka vitani walikuwa na mizaha ya ajabu.

Sasa nizungumze juu ya Jumapili, maana Jumapili ndizo zinazonirudia.

Fundi alikuwa akizurura. Hakuna neno jingine. Juma zima yuko juu ya pikipiki kwa kazi, na siku ya mapumziko, wakati wanaume wengine wamejilaza kwenye mikeka yao, yeye anapanda tena, anaondoka bila pa kwenda, anarudi jioni amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa na mwanamke huko, tulichunguza. Hakunywa. Tulipomuuliza alikoenda alitaja majina ya mito na madaraja, na hali ya barabara, kama mtu anayetoa habari za jamaa zake: Ndarugu amejaa, Chania hajambo.

Siku zile mtu hakuruhusiwa kutembea tu. Kila kizuizi cha barabara kilikuwa na askari wa kujitolea na swali lake, na swali lilikuwa safari ya nini. Fundi alinisimulia jinsi alivyokwama mara ya kwanza.

"Safari ya nini?" askari alimuuliza.

"Ya kutembea."

"Kutembea mpaka wapi?"

"Mpaka nitakapogeuka."

"Wee! Hakuna mutu anaenda bure. Razima iko kitu unaenda kufanya. Shuka!"

Alikalishwa juani hadi saa tisa. Tangu siku hiyo alibeba kwenye mfuko valvu moja iliyokufa, ya shaba, imepasuka katikati, na katika kila kizuizi aliitoa na kusema anakwenda kuifunga kwenye pampu ya shamba fulani. Aliibeba valvu ile miaka. Askari waliizoea mpaka wakawa wanaiulizia hali.

Mimi nilipanda pikipiki ile kwa sababu ya dada yangu. Aliolewa na mtu wa shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, akajifungua, na mimi sikuwa na njia ya kumfikia. Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, ana macho mekundu. Alimwambia Fundi, "Mpeleke shemeji yako akamwone mtoto. Mimi nikikaa juu ya kitu hicho nitalala nianguke." Basi. Wenye midomo walipata la kusema bombani, lakini ruhusa ilitoka kwa mwenye mke.

Nilikaa kiupandeupande, leso nimeifunga mara mbili, kikapu cha dagaa wa omena na unga mapajani, kabuti lake la jeshi mgongoni mwangu. Nilidhani tutashika barabara kubwa, tufike Ruiru chini ya saa moja. Yeye akakata upande wa Kilimambogo.

"Ruiru iko huku?" nilimpigia kelele.

"Iko! Barabara zote zinajua Ruiru!"

Mwanzoni nilikasirika, kisha niliogopa, kisha, sijui ni wapi hasa, kwenye mashamba ya katani nadhani, nikaacha vyote viwili. Katani ilikuwa imepandwa kwa mistari, na pikipiki ilipopita mistari ile ilifunguka na kujifunga mmoja baada ya mwingine, mpaka kizunguzungu kikanishika na nikacheka peke yangu. Sikuwahi kwenda mahali kwa kasi bila mtu wa kunisukuma, bila mzigo kichwani, bila kuhesabu vituo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimechoka kama bibi kizee, na kwa nusu saa uchovu ule ulibaki nyuma kwenye vumbi.

Karibu na Juja tulipita kijiji kipya, kile ambamo serikali iliwakusanya watu kwa nguvu, cha kuzungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na wanawake wa Kikuyu walikuwa wakirudi na kuni, mlinzi yuko nyuma yao na bunduki. Fundi alipunguza mwendo kabisa ili vumbi lisiwapate. "Wi mwega, maitu?" alimwamkia mama mmoja mzee kwa Kikuyu chake kibovu. Yule mama hakuweza kuinua kichwa kwa uzito wa kuni, lakini aliitikia. Kutoka hapo Fundi hakuongeza mwendo mpaka tulipofika daraja la Ndarugu.

Pale darajani alizima moto, akasema injini ipoe. Kahawa ilikuwa imechanua baada ya mvua ya kwanza. Upande wa pili wa mto ulikuwa mweupe wote na harufu yake ilikuwa nzito, tamu, ya kulevya. Tulikula viazi vitamu vyangu. Akaanza kunieleza Burma, bila kuombwa.

Alisema vita vilipoisha alipewa barua ya mwisho apeleke kambi ya mbali, akaipeleka, akaambiwa hakuna ya kurudisha. Ikawa mara ya kwanza amepanda pikipiki na mfuko mtupu. Alirudi kwa siku nzima njia iliyopaswa kuwa ya saa tatu. Aliona mashamba ya mpunga yenye maji hadi upeo wa macho, wanawake wenye kofia pana wameinama wanapandikiza, nyati wa kufugwa wamelala matopeni na ndege migongoni mwao. Watu waliokuwa wakimkimbia alipokuwa na haraka walimwita siku hiyo anywe chai. Aliinywa kwenye nyumba za mianzi, hajui neno lao hata moja. "Shemeji," aliniambia, "siku hiyo sikuwa askari wa mtu. Sikuwa na ujumbe wa mtu. Nilikuwa natazama tu. Nikasema, nikifika nyumbani nitamweleza mama hii siku, yote, tangu asubuhi."

"Ukamweleza?"

Hapo ndipo aliponiambia kwamba amezikwa, na nikaelewa kwamba hakuwa akitania miaka yote ile.

Kwetu, mtu akipotea mbali na mwili usionekane, wazee wakishangoja vya kutosha huchukua tunda la yago, lile refu zito la mti wa mwegea, wakalizika mahali pa mtu huyo. Linaliliwa kama mtu. Baada ya hapo yeye ni marehemu, na mambo yanaendelea kama yanavyoendelea baada ya marehemu. Kwao Kano ilifika habari kwamba kikosi chake kilipotea msituni. Walingoja, wakazika yago. Mkewe, ambaye hakuwa amezaa naye bado, alirithiwa na mdogo wake Fundi, kama desturi inavyotaka. Fundi aliposhuka Nairobi na sanduku la askari, alikutana stesheni na mtu wa kwao, na mtu yule alipiga ukelele akakimbia. Alipokamatwa na kutulizwa, alieleza yote. Mdogo wake alikuwa tayari na mtoto mmoja na wa pili njiani.

"Nilikaa juu ya sanduku," alisema. "Gari moshi la Kisumu likaja, likaondoka. Yule ndugu yangu nimemlea mimi, shemeji. Baba alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Sasa nikiingia, lazima mtu atoke. Nani atoke? Yeye? Yule mwanamke? Watoto waitwe wa nani?" Alimwapisha yule mtu wa stesheni asiseme kitu, na yule mtu, kwa hofu ya maiti inayoongea, aliapa. Fundi akapanda basi la Thika kwa sababu ndilo lililokuwa limesimama.

Nilimuuliza juu ya mama yake. Akaokota jiwe, akalitupa mtoni.

"Mama ndiye neno lenyewe," alisema. "Wengine nimewaacha na nimepoa. Mama sijapoa."

Kisha akaniomba. Alijua nitakwenda nyumbani Desemba. Kwetu Nyakach na kwao Kano ni kuvuka tu mto Nyando. Alitaka nipite pale kama mpita njia, nione kama mama yake yu hai, anatembea, anatunzwa. Nisiseme kitu. Nikirudi nimwambie.

Tulifika Ruiru saa nane badala ya saa nne, dada yangu akidhani nimekufa njiani.

Baada ya siku hiyo nilimtembelea dada mara moja kila mwezi, na kila mara barabara ya kwenda Ruiru ilikuwa mpya. Nitasema ukweli, maana nimezeeka na mume wangu ametangulia na hakuna wa kuudhika. Hakunigusa, wala sikutaka anishike. Nilichotaka ni Jumapili. Niliihesabu tangu Jumatatu. Nikifua, nikipika, nikigombana na watu bombani, nilikuwa na kitu kwa ndani kinachonguruma taratibu. Hakuna aliyenipa kitu kama kile kabla wala baada, na bado, nikisikia harufu ya kahawa iliyochanua, nasimama hapo nilipo.

Desemba nilikwenda.

Boma lao nililijua kwa ua wa minyaa, ile yenye utomvu mweupe iliyozunguka kote. Niliingia langoni mchana, jua limesimama. Mama alikuwa amekaa chini akipura mtama, peke yake. Wengine walikuwa mashambani. Alikuwa mdogo wa mwili na macho yake yalikuwa makali. Nilimsalimu, nikaomba maji, nikasema nimechoka na njia. Kando ya nyumba palikuwa na tuta refu lenye mawe pembeni, limefagiwa. Nililitazama. Sikuweza kutolitazama.

"Hilo ni la mkubwa wangu," mama alisema. "Alipotelea vitani."

"Pole, mama."

Aliendelea kupura. Kisha akauliza ninakaa wapi. Nikasema Thika, na bwana yangu.

"Hukulia," akasema.

Kwetu, mtu anayeingia mara ya kwanza kwenye boma lililofiwa, hata kama imepita miaka kumi, huanza kulia tangu langoni. Analia hata kama hakumjua marehemu; ndiyo heshima, ndiyo hodi yenyewe. Mtoto mdogo analijua hilo. Na mimi nililijua kama jina langu, lakini marehemu yule alikuwa amekula samaki wangu juzi na kulalamika juu ya chumvi. Kulia hakukunijia hata kidogo.

"Nisamehe, mama, ni uchovu..."

"Wageni wote hulia. Wewe umetazama kaburi kama mtu anayetazama kibuyu kitupu." Aliweka mti wa kupuria chini. Hakuuliza yuko wapi. Hakuuliza kama yu hai. Aliuliza, "Anakula vizuri?"

Nilikuwa nimeahidi nisiseme, na sikusema. Nilikunywa maji. Lakini machozi ambayo hayakuja langoni yalikuja wakati huo, na yule mama akayatazama, akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyelipwa.

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, upande wa mto. Pale mnyaa ulikuwa umekatwa, pameachwa uwazi. "Mtu aliyezikwa hawezi kurudi kwa lango," alisema. "Wazee watakwambia hivyo. Basi mimi nilitoboa hapa, mwaka uleule walipozika lile tunda. Kila mwaka mbuzi wa watu wanaingia wananilia mtama. Mwanangu mdogo ananigombeza, ananiambia mama, tuzibe. Sijaziba na sitaziba. Mwambie hivyo. Mwambie sikumwita aje kukaa, najua kuna nyumba hapa. Aje tu apite, nimwone, arudi alikotoka. Mwambie uwazi uko."

Nilirudi Thika nikiwa nimebeba maneno yale, na kwa njia nzima kwenye gari moshi niliyarudiarudia nisikosee.

Fundi alikuja jioni ileile. Hakukaa. Nilimwambia mama yako yu hai. Ana nguvu, anapura mtama mwenyewe. Kaburi lipo, linafagiwa. Ndugu yako ana watoto wanne. Alisikiliza kama alivyosikiliza pampu, macho amefumba.

"Hakusema kitu?"

Na mimi nikasema, "Aseme nini, na hanijui?"

Ndivyo nilivyosema. Sikupanga. Lakini kabla hajauliza nilikuwa nimeshaona mambo yatakavyokuwa: atapanda pikipiki kesho yake, ataenda Kano, ataingia kwa uwazi ule, na mama akishamshika hatamwachia, au atakamatwa na mdogo wake akilia shingoni mwake, na mambo ya nani atoke yatapatanishwa na wazee kama yanavyopatanishwa siku zote, na Thika haitamwona tena. Na mimi nitabaki na bomba na zamu ya usiku ya mume wangu. Nikajiambia namwonea huruma yule ndugu na yule mke. Nikajiambia nitamweleza mwezi ujao.

Mwezi ujao ulikuja ukapita. Jumapili zilikuwa nzuri. Nilijiambia baada ya mvua, baada ya mavuno, dada akishajifungua wa pili. Kila nilipopanda nyuma yake nilikuwa na maneno ya mama yake mdomoni, na upepo ulikuwa kisingizio. Neno ukilikalia siku moja unaweza kulisema. Ukilikalia mwaka, unahitaji kueleza kwanza huo mwaka.

Miaka ikaenda. Fundi aligonga ng'ombe karibu na kituo cha Kahawa, akavunjika mguu vibaya, na Mhindi wake akamtafutia kazi ya kukaa: kulinda pampu ya shamba moja palepale mtoni Ruiru. Pikipiki aliiuza kwa mtu wa Murang'a. Jumapili zangu zikaisha hivyo, na hata hapo sikusema, kwa kuwa sasa ilikuwa aibu tupu.

Mwisho wa miaka ile ya hamsini, Hali ya Hatari ikiwa imelegea, baba mkwe wangu alifariki tukaenda kuzika. Pale matangani nikasikia wanawake wakizungumza juu ya mama mmoja wa Kano, mama wa wale wa karibu na mto, aliyekufa wakati wa mvua za masika. Nilitoroka siku moja nikavuka. Nilipofika langoni nililia, na sikuhitaji kujilazimisha. Palikuwa na tuta la pili. Nyuma, upande wa mto, ua ulikuwa umezibwa. Minyaa michanga, mifupi kama vidole.

Niliporudi nilipanda basi la Ruiru siku iliyofuata, sikungoja Jumapili.

Nilimkuta nje ya kibanda cha pampu, amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Nywele zilikuwa zimepata mvi pande zote mbili. Alifurahi, akanitania kwamba nimenenepa, akaita aletewe chai. Nilimwambia kabla chai haijaja, kwa sababu nilijua nikinywa chai yake nitashindwa. Nilimwambia mama amefariki. Nilimwambia lini. Kisha nikamwambia mengine yote: kwamba sikulia, kwamba aliniuliza kama anakula vizuri, uwazi, mbuzi, mtama, kila neno kama lilivyotoka kwake. Na nikamwambia kwa nini nilikaa kimya. Sikujificha nyuma ya huruma. Nilimwambia nilizitaka zile Jumapili.

Pampu ilikuwa ikinguruma nyuma yetu, na mara moja ilikohoa, na hakugeuka.

"Nisingeenda," alisema mwisho. "Hata ungeniambia, nisingeenda. Namjua mwenyewe mtu huyu, mimi."

Nilitaka kushukuru, lakini aliinua mkono.

"Lakini ningejua, binti wa Nyakach. Hii miaka yote ningekuwa mtu anayengojwa mahali."

Ningependa angenitukana. Nilikaa pale chini na leso mdomoni. Chai ililetwa ikapoa. Wachumaji walipita na vikapu vyao, wakatusalimu, wakaona nyuso zetu wakaacha. Nilikuwa nimeanza kuinuka niondoke aliponiuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazi, ya mtu anayeulizia kipimo.

"Huo uwazi. Ulikuwa na upana gani?"

Nilinyoosha mikono nimwonyeshe, nikasita, nikaipanua kidogo.

Aliutazama upana ule kati ya mikono yangu. "Pikipiki ingepita?"

Niliuona uwazi wenyewe kama ulivyokuwa, utomvu umekauka pande zote mbili, na mbuzi wakipenya mmoja mmoja, tena kwa kujibana.

"Ingepita," nilimwambia. "Na wewe umekaa juu yake."